Deni la Spear: Shujaa wa Karatasi Aliyepanda Milima ya Taita

MWEZI uliopita nilipanda milima ya Taita kwenda Mghange kulipa deni la miaka arobaini na zaidi. Deni lenyewe halikuwa la fedha, wala la ng'ombe, wala la shamba. Lilikuwa deni la gazeti moja la picha, kuukuu, lililokwisha kupita mikono mingi kabla halijafika mkononi mwangu na kupotelea humo.

Najua kwamba msomaji wa ukurasa huu atauliza: gazeti la picha na utamaduni vinahusiana nini? Mimi mwenyewe nilikuwa na fikra hiyo zamani. Nimelelewa chuoni, nikafundishwa kwamba neno ndilo lenye heshima, na picha ni mchezo wa watoto. Lakini safari hii ya Mghange imenirudisha darasani nikiwa mtu mzima mwenye mvi, na nilichojifunza huko ndicho nitakachokieleza leo.

KOSA NILILOLITENDA

Mwaka 1979 nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, katika Mji wa Kale, Mombasa. Asubuhi nilikwenda shule ya serikali, alasiri nikaenda chuo kusoma Korani. Kule shuleni nilikaa dawati moja na kijana wa Kitaita ambaye baba yake alikuwa mfanyakazi wa bandarini. Chini ya kitanda cha baba huyo palikuwa na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku hilo magazeti ya Spear yamepangwa moja juu ya jingine kama nguo za sikukuu. Mzee aliyanunua ujanani mwake, na hakutaka mtu ayaguse.

Mwenzangu aliyagusa. Kila siku alitoa moja, akalisoma, akalirudisha kabla baba yake hajatoka kazini. Siku moja alikuja nalo shuleni, akalisoma nusu. Nikamwomba anipe mimi kwa usiku mmoja tu. Alikataa. Nikambembeleza mpaka akachoka. Akanipa, naye hajalimaliza.

Nikalichukua hadi chuoni nikiwa nimelificha ndani ya kanzu, na wenzangu walipokuwa wakisoma kwa sauti mimi nikalifungua juu ya juzuu. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa na macho ya mwewe. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alilichukua gazeti, akaitazama ile picha ya mwanamume mwenye kofia na sigara kubwa, akalitia katika seredani iliyokuwa na birika la kahawa. Likawaka mara moja. Kwake yeye chuo kilikuwa mahali pa maneno ya Mungu, na sanamu za watu hazikuwa na nafasi humo. Sikumlaumu siku ile, wala leo simlaumu.

Ninayemlaumu ni mimi. Kesho yake niliona haya kusema kwamba gazeti limechomwa, nikasema limepotea. Baba yake mwenzangu alipoona pengo ndani ya sanduku alimchapa mwanawe, na yule kijana hakulitaja jina langu. Mwaka 1981 mzee aliacha kazi, akarudi kwao Mghange na jamaa yake yote. Hatukuonana tena.

SPEAR ALIKUWA NANI?

Vijana wa leo huenda hawamjui, basi na tumweleze. Jina lake kamili ni Lance Spearman, lakini watu walimwita Spear tu. Alitokea katika gazeti lililoitwa African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum ya Jim Bailey, ambayo ndiyo iliyokuwa na gazeti mashuhuri la Drum. Lilivuma katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 likakoma. Lilisomwa Nairobi, Lagos na Accra, na katika miji mingi ya Afrika iliyosoma Kiingereza.

Hadithi zake hazikuchorwa kwa mkono. Zilipigwa kwa kamera: watu halisi waliigiza, wakapigwa picha moja baada ya moja, kisha maneno yao yakaandikwa juu ya picha katika viduara. Ilikuwa sinema ya karatasi. Mtu asiye na nauli ya kwenda mjini wala fedha ya tikiti aliweza kuitazama akiwa chini ya mwembe, akairudia mara kumi, kisha akamwazima jirani.

Aliyeigiza nafasi ya Spear alikuwa Jore Mkwanazi, mtu wa Afrika Kusini ambaye kabla ya hapo alikuwa akipiga piano katika vilabu vya usiku. Alivaa suti iliyomkaa barabara, tai ya kipepeo na kofia ya ukindu ya Panama. Aliendesha gari la Corvette Stingray. Alikuwa na msaidizi wake Sonia, rafiki yake Kapteni Victor wa polisi, na kijana mdogo aitwaye Lemmy. Maadui zake walikuwa watu wa ajabu, na mmoja wao, Rabon Zollo, alitutia hofu watoto wa mtaa mzima.

Wengi walimfananisha na James Bond, na ni kweli mapigo yake yalitoka huko. Mimi naona pia alikuwa jamaa ya wale mashujaa wa vitabu vya picha vya Marekani, ukoo ulioanzishwa mwaka 1938 na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, walipomtoa Superman. Spear hakuruka angani, wala hakuvaa joho. Lakini alikuwa na sifa ile ile kubwa: ukimwona amesimama mlangoni unajua kwamba dhuluma imefika mwisho. Na juu ya hayo alikuwa mtu mweusi. Mkubwa wa polisi mweusi, daktari mweusi, mwovu mweusi, mrembo mweusi, mwenye gari mweusi. Picha hizo zilipigwa kusini mwa Afrika, wakati ambapo sheria za ubaguzi zilimkataza mtu mweusi hata kuketi katika benchi fulani la bustani. Magazeti hayo hayakuzungumza siasa hata kidogo, na wako waliolaumu jambo hilo. Lakini macho ya mtoto wa Mombasa au wa Taita hayakusubiri kuambiwa. Yaliona.

NJIA YA KUPANDA

Gazeti nililopeleka Mghange si lile lililoungua. Nililipata kwa muuza vitabu vikuukuu, jalada limechanika pembe moja, ndani limekamilika. Nikalifunga katika karatasi ya khaki, nikapanda gari moshi hadi Voi, na kutoka Voi nikaingia matatu ya Wundanyi.

Anayeijua njia hiyo anajua utamu wake. Mpaka Mwatate nchi ni tambarare, mikonge na vichaka, joto la nyika likikupuliza usoni. Baada ya hapo barabara inaanza kupinda na kupanda, na kila kona inakuvua joto kidogo. Ukifika Wundanyi umeingia nchi nyingine: mabonde ya kijani, matuta ya mboga, migomba, na ukungu unaokaa juu ya miti kama moshi wa jikoni. Kutoka hapo nilipanda gari jingine kwenda Mghange. Mimi na kanzu yangu ya melimeli tulitetemeka, na mama mmoja aliyeketi karibu nami akacheka, akanipa leso yake nijifunike. "Shehe," akasema, "huku si pwani. Huku baridi haimjui mgeni."

Mghange ni mbili, Mghange Dawida na Mghange Nyika, na imepakana na Mwanda. Mbele yako ni tambarare za Tsavo zisizokwisha, na asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro huonekana kwa mbali.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba mwenzangu sasa ni mchoraji wa mabango. Sikuhitaji kumwulizia mtu nyumba yake. Niliifuata kazi yake ukutani.

KUTA ZINAZOSEMA

Kwanza niliona duka la nyama. Wachoraji wengi wa mabango humchora ng'ombe kwa ubavu, kama picha ya kitabu cha shule. Ng'ombe huyu alikuwa amegeuza kichwa, jicho moja likimtazama mpita njia, mguu wa mbele umenyanyuliwa kana kwamba amesikia jina lake. Kisha niliona kinu cha kusagia mahindi, na ukutani mwanamume amebeba gunia: mguu mmoja mbele, bega limeinama, kivuli kirefu nyuma yake kinapanda mpaka kwenye dirisha. Kwa kinyozi palikuwa na vichwa vitatu, na kila kimoja kilitazama upande wake kama watu waliosikia mlango ukifunguliwa. Herufi za majina ya maduka zilikuwa na kivuli, zimeegama mbele kidogo, kama zinataka kukimbia.

Nikasimama katikati ya njia. Nilikuwa nimewahi kuyaona yote haya. Ule mguu, kile kivuli, lile jicho lililotazama nje ya picha, vilikuwa vya Spear.

Mwenzangu nilimkuta uani akisafisha brashi kwa tapentaini. Amezeeka kama mimi, mabega yameshuka, lakini kicheko ni kile kile cha dawatini. Tuliamkiana, tukashikana mikono muda mrefu, mkewe akaleta chai ya maziwa na mihogo, nasi tukaanza kuhesabu waliokufa na waliobaki, kama desturi ya watu wa umri wetu.

Nikamuuliza alikojifunza kazi. "Sikusoma chuo cha sanaa," akajibu. "Fedha za chuo hazikuwapo. Nilisoma sanduku la baba." Akanieleza kwamba waliporudi Mghange sanduku lilikuja nao, na kwamba baba yake alipozeeka alilegeza masharti. Kijana akawa analala na yale magazeti. Alikuwa akiweka karatasi nyembamba juu ya picha na kufuatisha kwa penseli, mpaka mkono ukaizoea njia.

"Ulijifunza nini hasa?" nikamuuliza, maana nilitaka kujua kama mshairi anayemuuliza fundi mwenzake.

Akafikiri. "Nilijifunza kwamba mtu haanzi usoni. Anaanza mguuni. Ukiuweka mguu vizuri, watu watajua anakwenda kupigana au anakwenda kulala, hata kama hujamchora uso. La pili, nilijifunza mahali pa kukatia. Ukurasa wa Spear haukwishi mambo yakiwa yametulia. Unakwisha mkono ukiwa hewani. Lazima ufunue."

Maneno hayo yalinigusa. Sisi watunzi wa mashairi huufunga ubeti kwa kituo, msikilizaji akapumua. Wale watengenezaji wa sinema ya karatasi walifanya kinyume chake: walimnyima msomaji pumzi mpaka afunue ukurasa. Ni sanaa nyingine, na ina sheria zake kama sisi tulivyo na mizani na vina. Mtu anayesema kwamba ni upuuzi hajajaribu kuifanya.

WAJUKUU WA SPEAR

Mwenzangu si peke yake. Spear alikwisha kuacha wajukuu kote Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba katuni zilikuwapo kabla yake: Juha Kalulu wa Edward Gitau alikwisha kuwachekesha wasomaji wa Kiswahili tangu miaka ya 1950, na aliendelea kuwachekesha kwa miongo mingi katika Taifa Leo. Lakini Juha alikuwa wa kuchekesha. Spear alileta hofu, mwendo na mashaka.

Huko Dar es Salaam, Faraji Katalambulla, ambaye riwaya yake Simu ya Kifo ya mwaka 1965 ilifungua njia ya hadithi za upelelezi kwa Kiswahili, alitoa pia gazeti la Film Tanzania, lenye hadithi za picha za kamera kwa mtindo ule ule wa African Film, ila Spear alizungumza Kiingereza, na hawa wakazungumza Kiswahili. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona: mpelelezi Mwafrika, mtanashati, mwepesi wa ngumi na wa akili. Huyo hakuwa na picha, lakini ukimsoma unamwona, na ukimwona unaona kwamba yeye na Spear ni watu wa ukoo mmoja.

Kwetu Kenya, Terry Hirst, Mwingereza aliyehamia huku katika miaka ya 1960 na kufanya makao, aliwahi kushirikiana na Hilary Ng'weno kuanzisha gazeti la Joe mwaka 1973. Katika miaka ya 1980 akatoa vitabu vya Pichadithi, ambamo hadithi zetu za kale ziligeuzwa kuwa vitabu vya picha. Humo Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo ambaye nguvu zake zilikuwa kivulini, alipata umbo ambalo mtoto wa Mombasa au wa Meru aliweza kulitazama na kulikumbuka. Kisha akaja Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi Nairobi, na Akokhan wake: shujaa mwenye nguvu zipitazo za kibinadamu, ambaye nguvu hizo hakuzipata katika nyota ya mbali kama Superman, bali katika mila na uganga wa Afrika. Odoi alifariki dunia mwaka 2012 kwa ajali ya matatu Nairobi, na wachoraji wengi wa leo humtaja kama mwalimu wao. Tangu 2010 vijana wamekuwa na Shujaaz, linalozungumza Sheng na kugawiwa bure.

Wala mtu asidhani kwamba sisi tulikuwa wa kupokea tu. Mwaka 1975 vijana wawili wa Kiingereza, Dave Gibbons na Brian Bolland, walipewa kazi ya kuchora gazeti la shujaa mweusi aitwaye Powerman kwa ajili ya wasomaji wa Nigeria. Walikuwa bado wanafunzi wa kazi hiyo. Iliwalazimu kuchora kurasa nyingi kwa haraka, kwa pokezana, na waliagizwa watie namba katika kila kisanduku cha picha, ili msomaji asiyezoea asipotee njia. Miaka kumi na moja baadaye Gibbons huyo huyo, pamoja na mwandishi Alan Moore, walianza kutoa Watchmen, kitabu ambacho mpaka leo huhesabiwa miongoni mwa vitabu vikubwa vya mashujaa wa picha duniani. Bolland naye akawa mmoja wa wachoraji mashuhuri wa Batman. Kwa hiyo sehemu ya mafunzo ya mikono hiyo ililipiwa na vijana wa Afrika waliokuwa wakinunua gazeti lao kwa senti zao. Deni, kama ijulikanavyo, huwa na pande mbili.

DAFTARI LA KWANZA

Jua lilipoanza kushuka nikafungua karatasi ya khaki, nikaweka gazeti mezani. Nikamwambia mwenzangu ukweli wote: chuo, juzuu, seredani, na ule uwongo nilioutoa kesho yake. Nilikuwa nimeyaandaa maneno tangu Voi, lakini yalitoka yamevunjika.

Alilichukua, akalinusa kama mtu anusavyo mkate. "Nilijua," akasema. "Watoto wenzako wa chuo walinieleza juma lile lile. Nilikasirika mwezi mzima. Halafu hasira zikageuka kazi."

Aliingia ndani akatoka na rundo la madaftari ya shule yaliyofungwa kwa kamba. La chini kabisa lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Akalifungua. Lilikuwa la mwaka 1979. Nikumbushe kwamba yeye hakuwa amelimaliza lile gazeti nililomwombea. Aliishia mahali ambapo Spear amenaswa na Rabon Zollo, amefungwa kamba, na ukurasa umekwisha mkono ukiwa hewani. Basi kwa kuwa hakuwa na ukurasa uliofuata, aliuchora mwenyewe. Kurasa kumi na mbili za penseli, mikono ya watu mirefu kama makasia, gari lina magurudumu yasiyolingana. Na katika ukurasa wa nane anakuja Lemmy, yule kijana mdogo, kukata kamba kwa kisu. Lemmy huyo amevaa kanzu na kofia ya viua.

Sikuweza kusema neno. Alinichora katika siku ile ile ambayo alikuwa na haki ya kunichukia.

"Afadhali lile hukulipata," akasema. "Ungeniletea mwisho wake, ningekuta hawakumaliza vizuri kama mimi."

MWANGEKA NA KOFIA YA PANAMA

Daftari hilo ni la kwanza. Yako mengine tisa, na hayo si ya Spear. Ni ya Mwangeka.

Watu wa pwani wengi hawamjui Mwangeka, ijapokuwa babu zetu walimjua sana. Alikuwa kiongozi wa upande wa Mwanda, jirani na hapo tulipokuwa tumekaa. Misafara yetu iliyotoka Mombasa kwenda Taveta na Kilimanjaro ilipita chini ya milima hiyo, na aliyepita katika nchi ya wenyewe alitakiwa kulipa hongo. Mwaka 1888 Kampuni ya Waingereza, IBEA, ilipata hati ya malkia wao na kuweka makao yake Mombasa, ikaona kwamba njia ni yake. Mwangeka hakuona hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 askari wa kampuni walipandishwa milimani na bunduki zao, na Wataita wakawapokea kwa pinde na mishale. Mwangeka alikufa katika vita hivyo. Jina lake halikufa, lakini limebaki midomoni mwa wazee, na wazee wanapungua.

Mwenzangu alianza kumchora katika miaka ya 1990. Jaribio la kwanza, alinieleza huku akicheka mpaka machozi yakamtoka, alimpeleka nyanya yake aone. Ajuza akaishika karatasi karibu na taa, akaitazama sana, akauliza: "Huyu ni karani wa wapi?" Kumbe Mwangeka amesimama juu ya jabali na upinde wake, miguu imepanuka kishujaa, na kichwani ana kofia ya Panama! Mkono ulikuwa umezoea, ukaiweka kofia bila kumwuliza mwenyewe.

Kicheko cha ajuza kilikuwa skuli ya pili. Tangu siku ile alianza kuzunguka kwa wazee wa Mghange, Mwanda na Werugha, akiuliza: watu walivaa nini? Podo lilivaliwa bega lipi? Ngozi ilifungwa wapi? Milango ilikuwa mirefu kiasi gani? Hakuna aliye hai aliyemwona Mwangeka, lakini wako waliomwona mtu aliyemwona. Kofia ikaondoka. Tai ikaondoka. Kilichobaki cha Spear ni ule mguu wa mbele, kile kivuli, na ule mkono unaoachwa hewani mwisho wa ukurasa.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kuathiriwa katika sanaa. Anayeiga huchukua kofia. Aliyejifunza huchukua mguu. Sisi watunzi tumekuwa tukifanya hivyo kwa karne nyingi: tulipokea herufi za Kiarabu na hadithi za Uarabuni, tukazitia katika utenzi, na leo hakuna anayesema kwamba utenzi si wetu. Kwa nini basi tuogope kitabu cha picha?

Madaftari hayo aliwahi kuyapeleka kwa wachapishaji. Mmoja alikaa nayo miaka miwili, akayarudisha bila barua, na juu ya jalada alama ya kikombe cha chai. Mwenzangu hakunung'unika. Alirudi kwenye kuta zake. Lakini sasa hata kuta zinampungukia, maana mabango ya plastiki yanayochapishwa mjini kwa saa moja yamefika mpaka Mghange, na mwenye duka hasubiri tena rangi ikauke.

Tulipokuwa tukizungumza mjukuu wake aliingia kutoka shuleni, mkoba mgongoni wenye picha ya Spider-Man. Akaniamkia kwa adabu, akachungulia daftari, akauliza swali ambalo nadhani amelirudia mara nyingi: "Babu, Mwangeka na Spider-Man wakipigana, nani atashinda?"

Babu akamjibu bila kuinua kichwa: "Spider-Man hana mlima wa kulinda."

Mtoto akaridhika, akaenda kula. Lakini mimi sikuridhika, na mpaka sasa sijaridhika. Mtoto huyo anaishi mwendo wa miguu kutoka mahali Mwangeka alipoangukia. Anaijua rangi ya kila uzi wa nguo ya Spider-Man. Uso wa Mwangeka ameuona kwa sababu tu babu yake ni mchoraji. Watoto wa nyumba ya pili hawajauona. Madaftari yenyewe ni tisa tu, hayana nakala, yamo katika sanduku la mbao chini ya kitanda, na huko mchwa hawachagui. Nimekwisha kuona gazeti moja likiungua kwa sababu yangu, na sitaki kuona haya yakipotea nami nikinyamaza tena. Ndiyo sababu nimeandika. Mchapishaji, mwalimu au kiongozi wa Taita Taveta anayeusoma ukurasa huu na aipande ile njia. Kuta zitamwonyesha nyumba.

Asubuhi nilipoondoka mwenzangu alinisindikiza mpaka stendi. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Nikamwambia kwa mzaha kwamba watu wa pwani hatimaye wamelipa hongo ya kupita Taita. Akajibu kwamba hongo imepokelewa, lakini nikipita tena nitalipa tena. Garini, mpaka Mwatate, nilitunga beti hizi, nami nampelekea yeye na mjukuu wake:

Shujaa si kofiaye, wala tai ya shingoni,
Wala gari lake yeye, ling'aalo mitaani,
Shujaa ni asemwaye, na watoto vilingeni,
Asochorwa huzimika, kama moto wa kifuu.

Mwangeka wa milimani, hongo yako nimeleta,
Si kaniki ya dukani, ni wino niliopata,
Fundi aketi pembeni, kalamu yake yapita,
Asochorwa huzimika, kama moto wa kifuu.